Ngozi, Mpira na Umeme wa Njia Moja

Mkanda ukianza kuteleza, mluzi hutangulia harufu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana ya seremala mmoja pale Gulwe, njia ya kwenda Mpwapwa, nilipousikia. Pande la mninga lilikuwa limeukaba msumeno. Mota inazunguka kama kawaida, mikanda inasugua puli bila kuivuta. Fundi hakukimbilia swichi. Alilirudisha pande nyuma vidole viwili, mluzi ukakatika, akasubiri msumeno uchangamke, kisha akalisukuma tena taratibu. Ndipo alipogeuka.

"Mbukwa, mzee. Karibu ndani, ila simama upande huu. Ule wa mikanda si wa wageni."

Mashine yenyewe ilikuwa bendso, yaani msumeno wa utepe, ya chuma cha kusubu, yenye umri mkubwa kuliko fundi na pengine kuliko mimi. Magurudumu yake mawili, moja juu na moja chini, yalikuwa na kipenyo cha karibu sm 90. Lakini kilichonivuta kilikuwa kwenye ekseli ya chini: puli ya sm 40, pana kuliko kiganja, ambayo uso wake haukuwa na mfereji hata mmoja. Ulikuwa bapa, umetuna kidogo katikati kama tumbo la mtu aliyetoka kula. Na juu ya uso huo ilikuwa ikipita mikanda mitatu ya V, ile myembamba upande wa ndani, ambayo iliumbwa kwa ajili ya kukaa mferejini na si penginepo. Kwenye puli ndogo ya mota mifereji ilikuwepo. Kwenye puli kubwa mikanda ilijilalia tu, kama watu waliokosa vitanda.

"Hii si makosa?" nikamuuliza.

"Inavuta, mzee. Aliyenifundisha aliikuta hivyo."

Jibu zuri kwa fundi, pungufu kwa mwandishi. Kuielewa puli ile kulinirudisha nyuma zaidi ya miaka 100, hadi wakati Gulwe haijawa stesheni.

Mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walipofika Mpwapwa, mji huo ulikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya pwani na Unyamwezi: maji yapo, chakula kipo, na mbele yake kuna nyika kavu. Ubao wakati huo ulitoka kwa nguvu za watu wawili. Gogo lililazwa juu ya shimo au juu ya jukwaa, mmoja akasimama juu yake na mwenzake akasimama chini, msumeno mrefu ukapanda na kushuka kati yao. Wa juu alifuata mstari, wa chini alikula unga wa mbao. Mtindo huo haujafa. Misituni bado utawakuta wapasuaji wakiendesha msumeno wa watu wawili kwa sababu hauhitaji mafuta wala spea. Hauna mkanda, na kwa hiyo hauna mluzi.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kampuni ya Philipp Holzmann, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1907 ilifika Morogoro, mwaka 1910 Dodoma, mwaka 1912 Tabora, na mapema mwaka 1914 ikagusa ziwa pale Kigoma. Ilipokuwa ikipanda kuelekea uwanda wa juu ilifuata bonde la mto Kinyasungwe, na kwa kufuata bonde ikaiacha Mpwapwa pembeni upande wa kaskazini. Mji wa misafara ukakosa treni, na Gulwe ikapata stesheni. Bonde hilohilo lililorahisisha mteremko ndilo linaloisumbua reli hadi leo, maana Kinyasungwe ukijaa haujali tuta la nani.

Reli ile haikupenda mbao. Wajerumani waliilaza juu ya mataruma ya chuma, kwa kuwa mchwa wa nchi hii hawana adabu. Hata hivyo reli ndiyo iliyoleta zana nyingine zote, na pamoja nazo ukaja mfumo wa karakana wa zama zile, ambao seremala wa leo akiuona angedhani ameingia ndani ya tumbo la saa.

Hebu fikiria chumba kirefu. Mwishoni mwake, au nje ya ukuta, kuna injini moja tu ya mvuke. Darini inapita shafti ndefu ya chuma kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake yamepangwa mapuli kama shanga. Kutoka kila puli unashuka mkanda hadi kwenye mashine iliyo chini: huu unazungusha msumeno wa duara, ule randa, ule mwingine mashine ya kukerezea. Injini ikiwaka, kila kitu kinazunguka kwa pamoja. Ili fundi mmoja asimamishe mashine yake bila kuwasimamisha wenzake, mashine iliwekewa puli mbili ubavuni, moja iliyofungwa kwenye shafti na nyingine inayoelea. Kwa mti aliusukuma mkanda uhame kutoka hii hadi ile, nao ukaendelea kukimbia bure. Akitaka mashine izunguke kinyume, aliuvusha mkanda uwe kama namba 8. Kinga haikuwepo. Mkono wa shati ulioshikwa na mkanda ulimpeleka mwenyewe darini.

Mikanda hiyo ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe, tena iliyokatwa sehemu ya mgongo, penye unene ulio sawa. Vipande viligundishwa na kushonwa mpaka vikatoa urefu uliotakiwa. Ilipakwa mafuta ili isikauke, na ulaini wake ulitunzwa kama ule wa kiatu cha askari. Upande uliokuwa na manyoya ndio uliogusa puli, maana ni laini na unashika vizuri. Upande wa nyama ulitazama nje. Nikiwaza habari hii huwa natabasamu kidogo. Ugogo, ilipo Gulwe, ni nchi ya ng'ombe. Ngozi zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa kwenye mabehewa kuelekea pwani na ng'ambo, na mikanda ya viwandani ikaja kutoka ng'ambo imefungwa kwenye makasha.

Sasa lile tumbo la puli. Mtu atadhani mkanda uliowekwa juu ya kilima utaporomoka pembeni. Inakuwa kinyume: mkanda bapa hupanda kuelekea mahali penye kipenyo kikubwa zaidi, kwa sababu ukingo wake ulio karibu na kilele huvutwa zaidi na kuupinda mkanda mzima kuelekea huko. Tengeneza puli iliyotuna katikati, nao mkanda utajiweka katikati wenyewe, bila kingo wala kizuizi. Ukiona puli ya namna hii leo, hata kama ina kutu na iko shambani inashikilia mlango wa zizi, ujue ilizaliwa katika zama za ngozi.

Gulwe yenyewe haikuwa na karakana kubwa ya aina hiyo. Nchini humu mashine nzito za mbao zilifuata misitu minene na miji mikubwa. Kule Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Wilkins & Wiese ilipasua mitarakwa ya Shume na kuiteremsha kwa waya wa angani hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Gulwe ilikuwa mahali pa kupita. Lakini hata mtu aliyekaa stesheni akiuza karanga aliweza kuona mkanda ukifanya kazi, endapo aliinama.

Chini ya mabehewa ya abiria ya zama hizo kulikuwa na dinamo ya kuwashia taa, ikizungushwa kwa mkanda kutoka kwenye ekseli ya magurudumu. Mfumo uliosambaa sana katika reli za Waingereza na makoloni yao ulitoka kwa J. Stone wa Deptford, London, katika miaka ya 1890. Ujanja wake ulikuwa kwenye kuteleza. Dinamo ilining'inizwa ikabembea, uzito wake wenyewe ukikaza mkanda. Treni ikienda kasi mno, mkanda uliivuta dinamo kuelekea kwake, ukalegea, ukaanza kuteleza. Kwa hiyo taa hazikuzidi kung'aa hata dereva akikimbiza. Kinachomkera seremala ndicho kilichokuwa roho ya mtambo ule. Mluzi wa mkanda, kwa msafiri aliyekuwa akisoma barua usiku kati ya Kilosa na Dodoma, ulimaanisha kwamba mambo yanakwenda sawa.

Mvuke haukudumu katika karakana ndogo. Aliyeuondoa ni dizeli, na hasa injini moja ambayo wazee wengi wa bara wanaitambua kwa mlio: Lister ya silinda moja, iliyozaliwa Dursley, Uingereza, kabla ya kuhamia kwenye mashine za kusaga za vijiji vya Afrika na India. Ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1929 ilikuwa ya nguvu za farasi 5 na mizunguko 600 kwa dakika. Baadaye ikaja ya nguvu za farasi 6 na mizunguko 650. Wahindi wa Rajkot waliinakili, na nakala hizo zimetapakaa kwetu kuliko za asili.

Mizunguko 650 inatosha kusaga mahindi. Shafti ya visu ya randa inataka zaidi ya 4,000. Flaiwili ya Lister, lile gurudumu zito la pembeni, ina kipenyo cha karibu sm 60. Ikiuzungusha mkanda unaofika kwenye puli ya sm 9 kwenye randa, utapata kama mizunguko 4,300. Hesabu imekaa vizuri, ila kuna mtego. Puli ndogo iliyo karibu na gurudumu kubwa haikumbatiwi vya kutosha. Weka mashine umbali wa mita 1 na mkanda utaishika puli ndogo kwa nyuzi 150 hivi badala ya 180, kisha ngozi itateleza kila ubao ukiwa mgumu. Ipeleke injini umbali wa mita 3 na kumbatio litapanda kufikia karibu nyuzi 170. Ndiyo maana karakana za kale zilikuwa ndefu kama mabweni, na ndiyo maana Lister ilikaa kwenye kibanda chake nje, mkanda ukipita kwenye tundu la ukuta. Watu wanasema walikimbia moshi. Moshi ulikuwepo, lakini aliyechora ramani ya jengo ni mkanda.

Mabadiliko makubwa yalitokea Denver, Marekani, mbali na mninga wowote. Mwaka 1911 Charles Gates alinunua kampuni ndogo iliyotengeneza vifuniko vya tairi vya ngozi. Mwaka 1917 ndugu yake, John, akatengeneza mkanda wa mpira na nyuzi wenye umbo la V, ushike mahali pa kamba ya katani iliyokuwa ikizungusha feni za magari na kukatika kila mara. Hapo ndipo lilipoanzia jina ambalo mafundi wetu wamelibeba hadi leo: mkanda wowote wa V, hata ukiwa kwenye randa, ni fenibelti. Katika miaka ya 1920, Walter Geist wa kampuni ya Allis-Chalmers kule Milwaukee akaweka mikanda kadhaa ya V sambamba kwenye puli moja yenye mifereji kadhaa ili ibebe mzigo wa viwandani. Baadaye alipanda hadi kuwa rais wa kampuni hiyo.

Siri ya V ni kabari. Mkanda hauguswi chini. Unabanwa na kuta mbili za mfereji. Kuta hizo zikikutana kwa pembe ya nyuzi 38, nguvu ileile ya kuvuta huzalisha mshiko wa takriban mara 3 ya ule wa mkanda bapa. Kwa hiyo puli ndogo haihitaji tena kukumbatiwa sana, na mota inaweza kukaa chini ya mashine yenyewe. Chumba kirefu kikafupika. Seremala aliyehitaji mita 8 akatosheka na banda.

Mafundi wana njia yao ya kupima umri wa mkanda. Ichungulie puli: chini ya mfereji panapaswa kuwa na vumbi na ufifi. Pakiwa pamesuguliwa panang'aa kama sufuria ya harusi, mkanda umekonda hadi umegusa sakafu, na kabari imekwisha. Kuukaza zaidi hakusaidii, kunaua beringi tu.

Lakini mashine za zamani zilizokuja na puli bapa zilikuwa bado nzima. Chuma cha kusubu hakizeeki haraka. Mwenye bendso ya zama za shafti ya darini, akitaka kuingia kwenye zama za V, alipaswa kung'oa puli kubwa na kukereza nyingine yenye mifereji, kazi ya fedha na ya mkerezaji mwenye mashine kubwa. Hapo ndipo nilipolipata jibu la puli ya Gulwe. Weka mifereji kwenye puli ndogo tu, liache gurudumu kubwa lilivyo, bapa. Puli ndogo ndiyo yenye upungufu wa kumbatio, nayo inasaidiwa na kabari. Puli kubwa haina kabari lakini imekumbatiwa kwa zaidi ya nusu duara, inatosha. Kubwa ikiwa kama mara 3 ya ndogo, mkanda unashika pande zote mbili. Wahandisi waliokuwa wakihamisha viwanda kutoka shafti moja hadi mota ya kila mashine waliutumia mpango huu na kuuandikia majedwali. Mota ya mizunguko 1,440, puli ya sm 13, puli ya sm 40: bendso inazunguka karibu mara 470 kwa dakika, na meno yanapita kwenye mbao kwa kasi ya mita 22 kwa sekunde. Hakuna aliyekosea. Kuna mtu, mahali fulani, alipiga hesabu.

Mahitaji ya mbao katika mkoa huu wa Dodoma yalikuja kwa mawimbi. Jirani hapo Kongwa, kati ya mwaka 1947 na 1951, serikali ya Uingereza ilimwaga mamilioni ya pauni kwenye mradi wa karanga uliotaka kushindana na mibuyu na ukame, ukashindwa na vyote viwili. Kisha mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, na mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma. Vijiji vilitaka madawati na milango, mji mkuu ulitaka kila kitu. Mwaka huohuo wa 1973 likaundwa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na useremala ukawa miongoni mwa kazi zilizohesabika kuwa kiwanda.

Halafu spea zikaadimika. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei za mafuta, fedha za kigeni zilikauka, na katika miaka ya mwanzo ya 1980 mkanda wa V ulikuwa kitu cha kuagizia kwa mtu anayesafiri, kama dawa. Aliyekatikiwa alirudi nyuma miaka 60. Alichana ukanda kutoka kwenye tairi la lori, mpira uleule unaotoa katambuga, akauunganisha kwa klipu na kuutandika kwenye puli bapa. Hapo kila aliyekuwa ameing'oa puli ya zamani na kuiuza chuma chakavu alijuta. Aliyeiacha aliendelea kupasua.

Umeme ulipofika ulileta kizuizi cha aina yake. Bwawa la Mtera lilianza kuzalisha megawati 80 mwaka 1988, na tangu mwaka 2007 Wakala wa Nishati Vijijini amesambaza nguzo hadi mahali ambapo zamani ungecheka kuziwaza. Kuunganishwa kijijini kukashuka hadi shilingi 27,000, lakini hiyo ni njia moja. Njia tatu ni habari nyingine na bei nyingine. Mota ya njia moja ina kifua chembamba: wakati wa kuwaka inavuta umeme mwingi, taa za jirani zinafifia, na ikikwama dakika chache koili zinaungua. Kwa hiyo seremala wa njia moja hataki mkanda usioteleza kamwe. Anataka ushike hadi mahali fulani, kisha usamehe. Ule mluzi niliousikia mlangoni ulikuwa mota ikiokolewa, na fundi alijua. Ndiyo maana hakukimbia.

Nilimkuta katika wiki ya kubadilisha mikanda. Mitatu mipya ilikuwa kwenye msumari, ya aina ya B, upana mm 17, urefu umeandikwa mgongoni kwa inchi kama ilivyo desturi, ingawa nchi hii iliziacha inchi zamani. Mipya ilikuwa na meno madogo upande wa ndani, ambayo hayaumani na kitu. Yapo ili mkanda ujikunje kwenye puli ndogo bila kupata joto, na joto ndilo linalokula mpira. Safari iliyotangulia alikuwa amenunua mkanda mmoja tu, badala ya ule uliochanika, akauchanganya na miwili ya zamani. Muuzaji wa mjini alimwapia kwamba hakuna tatizo. Ule mpya, ukiwa mfupi kuliko ndugu zake waliokwisha kurefuka, ulibeba mzigo wote peke yake. Haukumaliza mwezi.

Safari hii alifungua bolti za mota, akaisogeza mbele mpaka mikanda ikaingia kwa mkono bila bisibisi, kwa sababu kuipandisha kwa bisibisi hukata nyuzi za ndani. Akavuta uzi wa kufumia kutoka ukingo wa puli moja hadi mwingine, kijana wake akashika upande wa pili.

"Umegusa?"

"Umegusa mara tatu, baba. Mara ya nne kuna mwanga."

"Basi bado."

Akagonga kitako cha mota kwa nyundo ya mti, kidogo sana, mpaka uzi ukagusa kingo zote nne. Kati ya puli na puli palikuwa na sm 60, hivyo akabonyeza kila mkanda kwa kidole gumba, akitaka uzame kama sm 1. Mmoja ulizama zaidi. Akaondoa yote mitatu, akaipanga upya, akabonyeza tena.

Nje, treni ya umeme ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai mwaka 2024, ilipita bila kutushughulisha. Kijana ndiye aliyeichungulia. Baba yake alikuwa amechukua patasi kutoka kwenye rafu na kuisogeza kwenye nguzo ya mlango, mahali palipopigiliwa kipande cha ngozi nyeusi, kirefu kama mkono, chenye matundu ya mshono mwisho mmoja. Upande wa manyoya ulikuwa nje, umelainika kwa mafuta ya miaka mingi. Aliipitisha patasi mara 10 hivi, bapa kwanza kisha mgongo, akaijaribu kwenye nywele za mkono wake, akamwambia kijana awashe.